Vifaa vya kusagia na kupikia kahawa nyumbani: maswali ambayo watu wa Tanga wanayauliza kila siku

Maswali yenyewe ndo haya yanayorudi rudi, nimeyapanga kuanzia ya mtu anayeanza kabisa mpaka ya mtu ambaye keshanunua na kuna kitu kinamsumbua. Pale jibu linapogusana na jingine nimekuelekeza namba ya swali ili nisirudie maneno.

## Ya mwanzo kabisa

1. Ndo naanza, hela yangu ndogo, ninunue nini kwanza?

Mashine ya kusagia. Birika zuri litasubiri, ile mashine ya espreso uliyoiona Instagram nayo itasubiri. Sababu ni kwamba buni nzima iliyokaangwa inatunza harufu yake kwa wiki kadhaa, ila ukishaisaga tu ile harufu inaanza kukimbia dakika ileile, na kwa hewa yetu ya hapa siku chache nyingi, unabaki na unga mweusi wenye uchungu mtupu. Alafu usagaji ndo unaoamua maji yatatoa nini kwenye kahawa. Chenga zisipolingana, zile ndogo zinatoa uchungu uliopitiliza na zile kubwa zinabaki na uchachu wake, na vyote viwili vinaingia kwenye kikombe kimoja, hakuna birika la bei yoyote litakalorekebisha hilo.

Kwahiyo ukiwa na bajeti, zaidi ya nusu iende kwenye kusaga. Inayobaki nunua kitu rahisi cha kupikia, na nyumba nyingi za hapa hicho cha kupikia kipo tayari kabatini, angalia swali la 10.

2. Mi nakunywa kahawa chungu ya kwenye dele tu na kashata yangu, haya mambo ya vifaa yananihusu?

Yanakuhusu upande wa kusaga, na pengine zaidi kuliko mwingine yeyote. Kahawa ya dele inataka unga laini na inataka uwe wa leoleo. Ukinunua buni iliyokaangwa badala ya unga wa pakiti, ukaisaga jioni kabla ya kuinjika dele, hiyo tofauti hata bibi yako ambaye hajali mambo ya vifaa ataisikia kabla hujamimina. Upande wa kupikia usibadilishe kitu, dele lako linatosha.

3. Kwa jumla vinahitajika vitu gani?

Cha kusagia, cha kupikia, cha kuchemshia maji, mizani, na kopo linalofunga kweli. Basi.

Mizani watu wanaidharau sana na ndo kitu cha bei ndogo kuliko vyote hapo. Chukua ile ya jikoni ya kidijitali, ukipata inayosoma mpaka gramu 0.1 ni bora zaidi. Kipimo cha kuanzia ni gramu 60 za kahawa kwa lita 1 ya maji, yaani gramu 15 kwa kikombe cha mililita 250. Kijiko cha chakula cha kahawa iliyosagwa kinabeba kama gramu 5 hivi lakini inategemea umekijaza vipi na kahawa imekaangwa vipi, maana buni iliyokaangwa sana inakuwa kubwa na nyepesi, ndo maana leo kahawa inatoka nzito kesho maji maji na mtu analaumu mashine.

## Kusaga

4. Mashine ya visu na mashine ya meno, tofauti yake nini?

Ya visu ni ile yenye kisu kinazunguka chini kama blenda. Inakatakata hovyo, buni iliyo karibu na kisu inakuwa vumbi na ya juu inabaki vipande, ukiiacha iendelee ili vipande viishe vumbi linazidi na kahawa inapata moto.

Ya meno ina magurudumu mawili yenye meno, moja limetulia na jingine linazunguka, na buni inapita katikati. Ule mwanya kati yao ndo unaouweka wewe, ukiubana kahawa inatoka laini, ukiulegeza inatoka chenga, na buni haiwezi kushuka mpaka iwe imefikia ukubwa huo. Ndo maana chenga zinakaribiana ukubwa. Kuna meno ya koni na meno bapa, kwa nyumbani usijisumbue na tofauti hiyo, zote mbili zinafanya kazi, nyingi za mkono ni za koni.

5. Nina blenda ina kile kijagi kidogo cha kusagia viungo, si inatosha?

Kwa dele na kwa kahawa ya kuchemsha inatosha kuanzia, kwa V60 (kile kikoni cha kuchujia kahawa kwa filta ya karatasi) au espreso haitoshi. Kama ndo unayo, isage kwa kugusagusa, sekunde tatu unaachia, unatikisa, tena sekunde tatu, alafu pitisha kwenye chujio la chai, vile vipande vikubwa virudishe.

Tatizo kubwa ni harufu. Kijagi kilichosaga bizari na pilipili manga hakisafishiki ukamaliza, na ukisaga kahawa humo inabeba kila kitu. Iliki haina shida kama unaipenda kwenye kahawa, ila bizari ya pilau kwenye kahawa ya asubuhi hapana jamani. Nunua kijagi cha pili, kiwe cha kahawa peke yake.

Na zile mashine za kusagia viungo sokoni mambo ni hayohayo, mwombe asage yako baada ya kahawa ya mtu mwingine, isiwe baada ya pilipili.

6. Kinu na mchi je?

Kinu kinafanya kazi nzuri kwa kahawa ya dele, na kahawa imetwangwa hapa pwani kabla umeme haujafika. Unga wa kinu haulingani lakini kahawa ya kuchemsha inasamehe, mashapo yanatua chini na unakunywa cha juu. Kiwe kinu cha kahawa tu, cha mti hasa, maana mti unanyonya vitunguu saumu na hautoi tena. Kwa frenchi presi (lile jagi lenye kichujio unachosukuma chini) utapata tope kikombeni, kwa filta ya karatasi litaziba.

7. Mashine ya mkono au ya umeme?

Kama mnakunywa mmoja au wawili, ya mkono, sina shaka kabisa. Kwa hela ileile ya mkono inakupa meno bora zaidi kwasababu hulipii mota. Gramu 20 kwa saga ya wastani ni kazi ya dakika moja hivi kwa mashine yenye meno ya chuma yaliyochongwa vizuri. Haina habari na kukatika umeme, unasafiri nayo Pangani, na haiamshi watoto alfajiri.

Majina utakayokutana nayo: Timemore C2 na C3 ndo watu wengi wanaanzia maana bei yake inavumilika, 1Zpresso iko juu kidogo, Comandante C40 ya Ujerumani iko juu sana. Hario Mini Mill na Skerton zina meno ya kauri, zinasaga laini vizuri ila ukitaka chenga kubwa zinayumba. Za bei ya chini kabisa zisizo na jina zina mhimili uliolegea, ukizungusha unaona kabisa lile jino la ndani linacheza, hizo achana nazo hata kama ni nzuri kwa sura.

Kama nyumba ina watu watano na wote wanywaji, au una shida ya viungo vya mkono, chukua ya umeme yenye meno. Baratza Encore imekaa sokoni miaka mingi, ina hatua 40 za kurekebisha na vipuri vyake vinauzwa kimoja kimoja, kitu ambacho mi nakithamini kuliko taa na vioo. Kabla hujalipa soma swali la 19 kuhusu volti.

8. Meno ya chuma au ya kauri?

Kauri haishiki kutu, na kwa mji wa bahari hilo ni jambo. Chuma kinakata haraka na kusaga kwake kunalingana zaidi. Ingekuwa ndo hivyo tu ningesema chagua unachotaka, ila kuna kitu hakisemwi kwenye video za Ulaya: buni tunayonunua sokoni kwa kupimiwa ina vijiwe. Kijiwe kimoja kikiingia kwenye kauri kinaweza kupasua jino na hiyo haina matengenezo. Kwenye chuma utasikia mkono umekwama, unarudisha nyuma, unatoa kijiwe, maisha yanaendelea.

Kwahiyo mi nasema chuma, utunze kama swali la 17 linavyosema. Na vyovyote iwavyo mimina buni kwenye sinia uichague kama unavyochagua mchele, toa vijiwe, toa vijiti, toa na zile nyeusi zilizooza. Usisage buni mbichi isiyokaangwa kwenye mashine ya mkono, ni ngumu mno, utavunja mhimili au mpini.

9. Nisage laini kiasi gani?

Dele na kahawa ya Kituruki: laini kama poda. Espreso: laini ila ukisugua vidoleni unasikia chembe kwa mbali. Moka (birika la Kiitaliano, swali la 11): chembe zionekane kidogo, inakaribia chumvi laini ya mezani. V60: kama mchanga wa pwani ya Raskazone ulio mkavu. Frenchi presi: chenga kabisa, chumvi ya mawe. Hapo ndo pa kuanzia tu, baada ya hapo ulimi wako unakuongoza, angalia swali la 23.

## Kupika

10. Dele ni kifaa cha maana kweli au ni la mapambo tu siku hizi?

Ni kifaa kamili na limebuniwa kwa akili. Tako pana linakaa imara juu ya seredani na kupokea moto, juu linabanana ili mvuke na harufu visikimbie, na kwakuwa mdomo unatokea juu, mashapo yakitua yanabaki chini wakati unamimina. Ukichemsha maji na tangawizi, ukatia kahawa laini, ukaacha itokote taratibu alafu ukaitoa kwenye moto mkali ikae dakika tano itulie, unapata kahawa safi bila filta yoyote. Wauza kahawa wa Ngamiani wanaishikilia kwenye makaa ya chini kwa masaa na haimwagiki mashapo.

Unaponunua angalia ndani. Madele ya shaba yanatakiwa yawe yametiwa bati ndani, kwasababu shaba tupu ikikaa na kitu chenye uchachu inatoa ile kutu ya kijani ambayo ni sumu. Kama bati limekwisha na unaona wekundu wa shaba au ukijani, usipikie mpaka fundi alitie tena. Ya aluminiamu ni mepesi na ya bei nafuu, yanafaa, yanabonyea tu haraka. Angalia pia maungio ya mdomo, mimina maji ndani uliache kama robo saa juu ya karatasi, linapovuja utaona.

11. Frenchi presi, moka, V60, AeroPress, ipi inanifaa?

Anza na unachopenda kunywa, jina la kifaa lije baadae.

Kama unapenda kahawa nzito, fupi, ya kwenye kikombe kidogo, chukua moka. Ni birika la Kiitaliano, Bialetti walianza kulitengeneza mwaka 1933, maji yanakaa chini, kahawa katikati, mvuke unasukuma maji yanapanda juu. Na kuna jambo linalowafaa watu wa pwani: wakiandika "vikombe 3" wanamaanisha vikombe vidogo, karibu sawa na vyetu vya kahawa, kwahiyo usinunue la vikombe 3 ukadhani litatosha magi tatu, litajaza nusu ya magi moja. Tia maji ya moto tayari mpaka chini kidogo ya valvu, jaza kahawa bila kuishindilia, moto mdogo, likianza kukoroma litoe palepale, ukiliacha liendelee ndo unapata ule uchungu wa kuungua ambao watu wanadhani ndo ladha ya moka.

Kama mnakunywa wengi na hamtaki kazi, frenchi presi. Gramu 30, maji nusu lita, dakika 4, sukuma taratibu, mimina yote. Udhaifu wake ni kioo, na kioo cha akiba sio rahisi kukipata hapa, kwahiyo tafuta ya chuma ya kuta mbili, inatunza na joto.

V60 na ndugu zake wa filta ya karatasi wanatoa kahawa nyepesi, safi, ambayo unasikia tofauti ya buni ya Lushoto na ya Mbinga. Kama unatia sukari vijiko vitatu na tangawizi usihangaike nayo, hiyo tofauti haitasikika. Chukua ya plastiki, ni ya bei ndogo kuliko zote na inatunza joto vizuri kuliko ya kauri ambayo hujaipasha.

AeroPress ni bomba la plastiki unalosukuma kwa mkono, lilitoka mwaka 2005, halivunjiki, linasafishika kwa sekunde kumi, linatoa kikombe kimoja tu kwa mara. Kwa mtu anayeishi peke yake, mwanafunzi, au anayesafiri kikazi Handeni na Korogwe kila wiki, ndo chaguo langu la kwanza.

12. Moka naweza kuweka kwenye jiko la mkaa?

Unaweza, ila mpini ni wa plastiki na gasketi ni ya mpira. Subiri makaa yashike majivu, yatandaze machache katikati, mpini uelekee nje ya jiko. Moto wa mkaa mpya unaowaka utayeyusha mpini. Kwenye jiko la gesi tumia lile jicho dogo, na kama moka linayumba juu ya vyuma weka kile kijichuma cha kupunguzia mwanya. La aluminiamu halifanyi kazi kwenye jiko la indaksheni.

Usilisugue kwa stili waya. Maji ya moto na kitambaa, likauke wazi. Valvu iangaliwe mara kwa mara, iguse kwa kidole ione inacheza, maana ikiziba hiyo ndo kinga pekee uliyokuwa nayo.

13. Filta za karatasi zikiisha nafanyaje?

Agiza nyingi kwa mara moja mtu akienda Dar, ni nyepesi na hazigharimu kubeba. Au shona ya kitambaa: pamba nyeupe isiyo na rangi, ichemshe kwanza bila sabuni mpaka maji yasiwe na harufu. Baada ya kutumia isuuze kwa maji tu, ihifadhi ndani ya maji kwenye friji, ukiianika mafuta ya kahawa yanabaki yanachacha na kikombe kijacho kinanuka. Filta za chuma zipo pia, zinapitisha mashapo kidogo.

14. Mashine ya espreso iliyoandikwa "bar 20" ni nzuri kuliko ya "bar 15"?

Hapana. Espreso inahitaji mgandamizo wa kama bar 9 pale kwenye kahawa, hizo namba za kwenye boksi ni nguvu ya juu ya pampu na hazisemi kitu kuhusu kikombe. Cha kuangalia ni kama joto lake linatulia, na kikapu cha kahawa, yaani kile kichujio cha chuma unachotilia unga. Mashine nyingi za bei ndogo zina kikapu chenye matundu mengi ndani na kitundu kimoja nje, kinatengeneza povu hata kwa unga wa zamani. Kinarahisisha kazi lakini siku ukitaka espreso halisi, gramu 18 ndani na gramu 36 kikombeni kwa sekunde 25 mpaka 30, utahitaji kikapu cha kawaida na mashine ya kusagia inayorekebishika kwa hatua ndogo ndogo sana.

Ushauri wangu kwa mtu wa hapa: kama huna hela ya mashine nzuri pamoja na cha kusagia kizuri, nunua moka. Mashine za vidonge vya kahawa usiguse kama huna uhakika wa kupata vidonge vyake mwaka mzima.

15. Lile birika la mdomo mwembamba ni lazima?

Kwa V60 linasaidia sana. Kwa vingine vyote hapana, na dele linamimina vizuri tu, mdomo wake unatoa maji kidogo kidogo.

## Hewa ya bahari, maji na umeme

16. Kahawa yangu inapoteza harufu haraka, naihifadhi vipi?

Tanga unyevu ni mwingi, na kahawa iliyokaangwa inanyonya unyevu na harufu za jirani. Nunua ya kutosha wiki mbili, iwe nzima, iweke kwenye kopo la mfuniko wa mpira, kabatini, mbali na jiko na jua. Usiache buni kwenye mdomo wa mashine eti kwa ajili ya kesho.

Friji usitumie, kila ukifungua hewa ya joto inaingia na kutengeneza majimaji juu ya buni. Friza inafaa kwa akiba ya muda mrefu kama umegawa kwenye vifuko vidogo vilivyofungwa kabisa, na kifuko ukikitoa subiri kifikie joto la chumba ndo ukifungue.

17. Meno ya mashine yangu yameshika kutu, tatizo nini?

Ni maji, karibu kila mara. Meno ya chuma hayaoshwi. Yafungue, yasugue kwa brashi kavu, mswaki mpya unatosha, kisha kitambaa kikavu. Ukikaa karibu na bahari usiiache dirishani, hewa ya chumvi inakula hata mashine iliyozimwa. Kutu nyepesi inatoka kwa brashi, saga buni kiganja kimoja uitupe alafu endelea. Kutu iliyokula makali, badilisha meno.

Watu wanauliza kuhusu kusagisha mchele mkavu ili kusafisha. Mchele mbichi ni mgumu, watengenezaji wengine wanakataza kabisa, brashi inatosha.

18. Maji ya kisima yanafaa?

Visima vingi vilivyo karibu na bahari vina chumvi, na chumvi kwenye kahawa haifichiki. Onja maji yenyewe kwanza, kama hayanyweki kwa raha hayapiki kahawa. Maji ya bomba la mjini yanatoka mto Zigi kwenye bwawa la Mabayani, yanafaa, ukiyachuja na kuyatuliza dawa ikapungua ni bora zaidi. Ukiona birika linafanya gaga jeupe chini, maji yako ni magumu, chemsha maji yenye ndimu au siki kidogo uache nusu saa, suuza mara mbili. Kwenye mashine ya espreso gaga hilo ndo linaloua mashine, hiyo ipikie kwa maji laini ya chupa au ya mvua yaliyochujwa.

19. Shemeji kaniletea mashine kutoka nje, naichomeka tu?

Soma kwanza kibao cha chini ya mashine. Kwetu ni volti 230, Hz 50. Ikisema 220-240V chomeka. Kutoka Uingereza au Dubai kwa kawaida haina shida, hata plagi ni ileile ya pini tatu bapa. Marekani ni 120V na Japani ni 100V, ukichomeka moja kwa moja mota inaungua hapohapo na hakuna fundi wa kuirudisha kwa bei ya maana. Unahitaji transfoma yenye wati zaidi ya za mashine, na kwa mashine ya kupasha maji ya wati 1500 hiyo transfoma ni kubwa, nzito na ghali mpaka unajiuliza ulikuwa unaokoa nini. Angalia hili sana kwenye vitu vya mtumba vinavyoshushwa kutoka Unguja, vya Kijapani ni vingi.

20. Umeme ukipanda na kushuka, na LUKU je?

Mashine ya espreso na ya kusagia ya umeme zipitishe kwenye gadi kama ile ya friji. LUKU usiogope, kuchemsha lita moja kwa jagi la umeme ni kama sehemu moja ya kumi ya yuniti, na mashine ya kusagia inatumia kidogo mno kwasababu inawaka nusu dakika. Kinachokula ni kuchemsha jagi zima ili upike kikombe kimoja.

## Yale ya pembeni

21. Nina hitima, wageni 20, hivi vifaa vidogo nitafanyaje?

Usivitumie. Chukua dele kubwa au sufuria. Vikombe viwili viwili vya mililita 60 kwa watu 20 ni lita 2 na nusu hivi, kwahiyo gramu 150 za kahawa, ongeza kidogo kama wazee wanataka nzito. Saga asubuhi hiyohiyo, na kwa kiasi hicho mashine ya mkono itakuchosha, ndo siku ya kijagi cha blenda au kinu. Ikishatulia ichuje uimimine kwenye chupa ya chai iliyosuuzwa na maji ya moto, maana ikibaki juu ya mashapo inazidi kuwa kali. Chupa iwe haijawahi kukaa chai ya maziwa, ile harufu haitoki.

Kwa shughuli kama hii buni ya Bukoba, robusta, inafaa sana, ni nzito na inavumilia kuchemka. Ina kafeini kama mara mbili ya arabika, ile aina nyingine ya buni, waonjeshe kwa upole wale wasiolala.

22. Nataka kukaanga mwenyewe, ninunue mashine?

Mashine ya kukaangia acha kwanza. Kikaango kizito au chungu, moto wa kati, mwiko, na usiache kukoroga hata kidogo. Kwenye joto la kama nyuzi 196 utasikia buni inapasuka kwa sauti, huo ndo mpasuko wa kwanza, hapo ishakuwa kahawa ya kunywa. Ukiendelea mpaka mpasuko wa pili wenye sauti nyembamba unakaribia ile nyeusi ya barazani. Mwaga kwenye ungo, pepeta nje, maganda yanaondoka na buni inapoa kwa pamoja, sijaona kifaa cha dukani kinachoushinda ungo kwa kazi hiyo. Uzito unapungua kama asilimia 15 mpaka 20. Kwa dele isage kesho yake, kwa V60 na espreso ipe siku kadhaa itoe gesi.

23. Kahawa inatoka chungu sana, au chachu, ni kifaa kibovu?

Mara nyingi kifaa hakina kosa. Chungu na inakausha ulimi: umesaga laini mno, au imekaa na maji muda mrefu, ongeza ukubwa wa chenga hatua moja. Chachu na nyepesi: umesaga chenga mno au maji yamepoa, punguza ukubwa wa chenga au tumia maji ya moto zaidi. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, vingine viache vilevile, la sivyo hutajua kilichosaidia. Kama umejaribu pande zote na kikombe ni kichungu na kichachu kwa pamoja, hapo ndo chenga hazilingani, rudi swali la 4. Na kama inanuka mafuta yaliyochacha, safisha mashine.

24. Daktari kaniambia nina kolesteroli, niache dele na frenchi presi?

Kahawa isiyopita kwenye karatasi inabaki na mafuta fulani ya buni, kafestoli ndo kubwa lake, na yanapandisha kolesteroli mbaya kwa mtu anayekunywa vikombe vingi kila siku. Filta ya karatasi inayashika. Kwahiyo kama ni mnywaji wa kila siku, hamia V60 au AeroPress yenye karatasi, dele libaki la jioni mojamoja, na mwambie daktari unakunywa kiasi gani maana nae anahitaji kujua.

25. Nahamia Lushoto, kuna kitu kitabadilika?

Ndio, maji. Hapa Tanga tupo usawa wa bahari, maji yanachemka nyuzi 100, kwahiyo kwa filta unayaacha kama nusu dakika yashuke kidogo, kahawa inataka kati ya 90 na 96. Lushoto ni kama mita 1,400 juu, maji yanachemka karibu nyuzi 95, mimina yakiwa yanatokota na usisubiri. Pasha kifaa na kikombe kwanza kwasababu kule baridi inaiba joto haraka, na saga laini kidogo kuliko ulivyozoea huku. Buni utapata ya wakulima wa hukohuko Usambara, arabika, uliza ilikaangwa lini, na ukirudi mjini kusalimia tuletee kilo mbili zisizosagwa.